USIMWUZE MAMA WA ZIZI

Ndugu Mkulima,

Wiki ya kwanza ya Januari, nenda ukasimame mnadani siku ya soko la mifugo, popote palipo na mashamba ya skimu, iwe Nyandarua, Lugari au Trans Nzoia. Utaona jambo ambalo sisi wenyewe tumelizoea hata hatulioni tena. Utaona mtamba mzuri akiongozwa kwa kamba. Manyoya yake yang'aa, mgongo umenyooka, kiwele kimeanza kujitokeza. Mwenyewe atembea mbele yake bila kusema neno, na mfukoni ana karatasi ya shule yenye hesabu ya karo. Nyumbani amewaacha ng'ombe wawili wazee, fahali mdogo asiye na kazi, na kondoo kumi na mbili asiojua hata umri wao.

Kwa nini amemleta huyu, akawaacha wale? Jibu ni rahisi. Huyu ndiye mwenye bei. Wale hakuna atakayewatazama.

Leo nataka kusema wazi juu ya desturi hii, maana naona yatufilisi polepole kuliko kiangazi. Kiangazi huja na kuondoka, na majani huota tena. Lakini mkulima anayeuza mtamba wake ulio bora kila Januari, baada ya miaka kumi atakuwa na zizi la ng'ombe wasiofaa, na atasema ardhi imechoka, au mvua imepotea, au kiwanda cha maziwa kinamwonea. Kumbe ni yeye mwenyewe aliyechagua wabaya akawaacha nyumbani, na wazuri akawapeleka kwa jirani.

YALIYONIPATA MIMI

Sisemi haya kama mwalimu. Nasema kama mtu aliyefanya kosa lenyewe.

Baba yangu alipata shamba katika ule mpango wa Ekari Milioni ulioanza mwaka 1962. Wazee wetu hawakupewa ardhi ile bure. Walipewa kwa deni, na muda wa kulipa deni la ardhi ulikuwa miaka 30. Walikopeshwa pia fedha za kununua ng'ombe wa gredi, na kwa maziwa ya ng'ombe hao walilipa deni, wakajenga, wakasomesha. Baba alikuwa na neno moja alilolirudia mara nyingi: ng'ombe wa kwanza akitoka zizini, hakikisha binti yake amebaki. Mimi nilikuwa kijana, nikaliona kuwa neno la wazee tu.

Nilipolirithi zizi nilikuwa na mtamba mmoja ambaye tulimwita Pasaka, kwa kuwa alizaliwa siku hiyo. Mama yake alikuwa akitupa debe moja la maziwa kwa siku bila shida. Pasaka alikuwa na mimba ya miezi minne nilipomwuza, mwezi wa Januari, ili nilipe karo ya kijana wangu wa kwanza. Aliyemnunua ni jirani yangu. Ua ndio unaotutenga. Mwezi wa sita akazaa. Kila asubuhi, nikiwa nakamua ng'ombe wangu mzee kikombe kwa kikombe, nilisikia ndoo ya jirani ikijaa. Bibi yangu akaniambia kwa upole, "Mzee, umeuza kisima ili tunywe maji ya siku moja." Sikuwa na jibu. Karo ya muhula wa pili ilifika, na kisima kilikuwa cha jirani.

HESABU YA MTAMBA

Basi tufanye hesabu, maana mkulima asiyefanya hesabu hubahatisha tu.

Chukua ng'ombe wa gredi wa kawaida, siyo wa maonyesho. Atoe lita 10 kwa siku, kwa wastani, kwa siku 300. Hizo ni lita 3,000 kwa uzazi mmoja. Akizaa mara nne tu maishani mwake, ametoa lita 12,000. Na katika ndama wanne, kwa kawaida wawili watakuwa majike. Yaani mtamba mmoja uliomwuza kwa karo ya mwaka mmoja alikuwa amebeba lita 12,000 za maziwa na mitamba wengine wawili. Zidisha mwenyewe kwa bei ya lita moja katika ushirika wako, kisha uilinganishe na fedha ulizopokea mnadani. Nafikiri utaiweka kalamu chini kwa muda.

Tena kumbuka jambo hili. Mnunuzi wa Januari ajua shida yako. Ajua shule zafunguliwa wiki hii. Ajua majani yamekauka, na kwamba ukimrudisha mtamba nyumbani huna cha kumlisha. Kwa hiyo yeye hana haraka, bali wewe ndiwe mwenye haraka, na katika soko mwenye haraka ndiye anayelipa.

NG'OMBE NI KISIMA, KONDOO NI MFUKO

Labda utaniuliza, "Sasa karo nilipe kwa nini? Kwa maneno?"

La, si kwa maneno. Lipa kwa kondoo, na kwa maziwa uliyoyawekea akiba. Maoni yangu ni haya: katika shamba dogo kila mnyama awe na kazi yake inayojulikana. Ng'ombe ni kisima. Kisima huchotwa kila siku kidogo kidogo, hakihamishwi. Kondoo ni mfuko. Mfuko hujazwa, kisha hufunguliwa siku ya haja. Shida yetu ni kwamba tumevigeuza. Kondoo twawaacha wazurure barabarani kama mali isiyo na mwenyewe, na haja ikija twakimbilia kisimani na shoka.

Kondoo ana faida tatu kwa kazi hii. Ya kwanza, hubeba mimba kwa miezi mitano tu, na ng'ombe miezi tisa na siku kadhaa. Ya pili, ng'ombe mkubwa mmoja hula kiasi cha kondoo sita au saba, kwa hiyo unaweza kumwuza mmoja au wawili kwa haja ndogo bila kuvunja zizi. Haja ya shilingi chache haikulazimishi kuuza mnyama mzima mwenye thamani kubwa. Ya tatu, kondoo hula majani mafupi ambayo ng'ombe ameyaacha. Watangulize ng'ombe katika malisho, kisha kondoo wafuate nyuma. Lakini usiwaache mahali pamoja mpaka mizizi ionekane, maana hapo huna malisho tena, una vumbi.

Wako watu waliojifunza faida hii kwa uchungu. Katika miaka ya 1990 wengi wetu tulipeleka maziwa kiwandani tukakaa miezi bila malipo. Mwenye ng'ombe peke yake alilia. Mwenye ng'ombe na kondoo alikula, na watoto wake wakaenda shule. Sikumbushi ili kufufua malalamiko, bali ili tusiweke mayai yote katika kikapu cha mtu mwingine.

MWAKA WA KONDOO

Ili kondoo awe mfuko, lazima azae kwa mpango, siyo apendavyo. Wengi wetu dume hukaa na majike mwaka mzima. Matokeo yake ni kwamba wana-kondoo huzaliwa Julai katika baridi na ukungu wakafa, au Februari wakati mama hana maziwa.

Huku kwetu, ambako mvua ndefu huanza Machi au Aprili, fanya hivi. Mpe dume majike mwishoni mwa Novemba na Desemba. Hesabu miezi mitano. Watazaa mwishoni mwa Aprili na Mei, majani yakiwa mabichi na mama wana maziwa. Ifikapo Desemba wana-kondoo wana miezi saba. Na Desemba ni wakati gani? Ni wakati wa Krismasi, watu wanaporudi nyumbani kutoka mijini na kila bucha yatafuta nyama. Uza wakati huo. Usingoje Januari, wakati kila mtu ana kondoo wa kuuza na hakuna mwenye fedha za kununua. Fedha za Desemba ziweke benki au katika chama chenu cha akiba siku ile ile, kabla sikukuu hazijazimaliza. Wajua jinsi sikukuu zilivyo.

Miezi mingine dume atengwe. Ukikosa zizi la kumtenga, mfunge ngozi chini ya tumbo, kama wafanyavyo Wamaasai tangu zamani. Jambo hili si aibu, ni akili. Tena dume mmoja mzima aweza kutosha majike 30. Wewe mwenye majike sita wahitaji dume wako mwenyewe kwa nini? Jirani watano washirikiane dume mmoja mzuri. Na baada ya miaka miwili mbadilishe na watu wa upande mwingine, asije akapanda binti zake mwenyewe, kwa maana damu ikirudiana wana-kondoo hudhoofika.

Juu ya aina, usifuate jina peke yake. Dorper, ambaye asili yake ni Afrika Kusini, hukua upesi na nyama yake yapendwa. Kondoo mwekundu wa Kimaasai ni mdogo zaidi, lakini hustahimili minyoo kuliko wageni. Corriedale ni wa sufu na nyama, na huzoea baridi ya juu. Mwenye busara huangalia pahali pake, maradhi ya pahali pake na soko lake, ndipo achague.

KONDOO HAJITUNZI MWENYEWE

Nasikia watu wakisema kondoo hana kazi, mfungulie tu asubuhi. Ndiyo sababu wanakufa. Kondoo hufa kimya. Asubuhi alikula, jioni amelala.

Adui wake wa kwanza ni minyoo. Mfungue jicho, utazame ndani ya kope la chini. Likiwa jekundu, vema. Likiwa jeupe kama karatasi, damu yake inanyonywa. Ukiona uvimbe laini chini ya taya, umechelewa, lakini fanya upesi. Mpe dawa kwa kipimo cha uzito wake, usikadirie kidogo ili chupa idumu. Dawa kidogo haiui minyoo, huwafundisha kuishi. Katika nchi yetu minyoo ya kondoo iliyozoea dawa imekwisha kuonekana, basi uliza ofisa wa mifugo ni dawa ya namna gani ifuate ile uliyoitumia.

Adui wa pili ni mnyoo wa ini, anayepatikana penye maji maji. Konokono wadogo wa bwawani ndio wanaomlea. Ukiwa na bonde lenye matope, lizungushie ua au ukate majani yake na kuyakausha kabla ya kulisha. Kondoo wasilishe humo.

Wa tatu ni kwato kuoza wakati wa mvua. Kata kwato zilizorefuka, uwapitishe katika maji ya dawa, na zizi liwe kavu. Usiku walale juu ya sakafu ya mbao iliyoinuliwa, yenye nafasi za kupitisha mavi, na mlango ufungwe, maana mbwa wa majirani, hata wako mwenyewe, waweza kumaliza kundi usiku mmoja.

Na hili watu wengi hawalijui: chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa ng'ombe usimpe kondoo. Ndani yake mna shaba, na shaba ambayo ng'ombe huivumilia humwua kondoo polepole. Nunua chumvi ya kondoo, na uweke mbali hii na ile.

Wana-kondoo madume wahasiwe mapema, wangali wadogo wa siku chache, isipokuwa yule utakayemweka kwa mbegu. Wasipohasiwa watapanda dada zao kabla ya Krismasi, na mpango wako wote utavurugika.

KUMLEA MTAMBA

Haitoshi kutomwuza mtamba. Mtamba aliyebaki nyumbani akikonda hana tofauti na aliyeuzwa. Nimeona mitamba wa miaka minne ambao hawajazaa, na mwenyewe ajisifu kwamba hakuuza.

Kazi huanza siku ya kuzaliwa. Ndama apate maziwa ya kwanza ya mama yake, yale mazito ya manjano, katika saa sita za mwanzo. Ndama wa gredi mwenye kilo 40 apate kama lita 4 katika muda huo. Hakuna dawa dukani inayoweza kushika mahali pake. Usimwibie ndama maziwa ili uongeze lita mbili za kuuza. Lita hizo mbili utazilipa kwa miezi minane ya kumngoja akue.

Akilishwa vema, mtamba wa gredi hufaa kupandishwa akiwa na miezi 15 mpaka 18. Lakini tazama mwili wake kuliko kalenda. Akionekana ana joto asubuhi, apandishwe jioni ile. Akionekana jioni, apandishwe kesho asubuhi. Joto lake hurudi baada ya siku 21, na kila mara ukilikosa umetupa siku 21 za maziwa. Tangu mwaka 1946, kilipoanzishwa kituo cha Kabete, wakulima wa Kenya wamepata mbegu za fahali bora bila kufuga fahali. Andika jina na nambari ya fahali katika daftari lako, usije ukampandisha mjukuu kwa babu yake.

Kupe usiwasahau. Yule wa kahawia anayependa kukaa masikioni ndiye aletaye ndigana kali. Ukiona tezi zimevimba chini ya sikio, mwili una moto na ng'ombe akohoa, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Josho la jumla limekufa katika skimu nyingi, na kila mtu sasa ana pampu yake. Vema, lakini pampu yahitaji mkono mwaminifu: kipimo kamili cha dawa, na maji yafike masikioni, kwapani na chini ya mkia. Iko pia chanjo ya ndigana kali, iliyotokana na utafiti wa Muguga. Hutolewa mara moja na mtaalamu. Mimi naona gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na mtamba aliyekufa. Ninyi mnaokaa juu kwenye baridi, ambako kupe hao ni wachache, mkumbuke kwamba ng'ombe aliyekulia huko hana mazoea ya ugonjwa huu, na akipelekwa pande za joto hufa upesi.

SHAMBA LENYEWE NI DOGO

Wazee walipata ekari nyingi. Sisi tumezigawa, na wana wetu watazigawa tena. Mwenye ekari tano leo asijidanganye kwamba ana nafasi ya ng'ombe wanane. Nasema ng'ombe wawili wa kukamuliwa, mtamba mmoja anayekua, na kondoo majike sita. Ekari moja iwe ya chakula cha nyumbani. Zilizobaki ziwe za majani, zilizogawanywa vipande ili kimoja kilishwe na vingine vipumzike.

Pande za joto, panda majani ya nepia, uyakate yakiwa na urefu wa kama mita moja, uyarudishie samadi. Kule juu Kinangop, ambako sakitu huunguza majani, nepia haistawi. Panda oti, na utunze majani ya Kikuyu yaliyomo. Lakini iwe juu au chini, Mei na Juni majani yakiwa mengi kuliko midomo, kata na kukausha, au uyafunge katika saileji. Majani ya Januari hutengenezwa Juni. Mwenye nyasi kavu katika banda hashurutishwi na mnunuzi. Aweza kumwambia, "Bei yako ni ndogo, rudi mwezi wa nne."

Na maji. Ng'ombe anayekamuliwa hunywa lita 60 hata 80 kwa siku, na zaidi kukiwa na jua. Ukimpeleka mtoni mara moja tu kwa siku, usishangae ndoo ikiwa nusu.

NYUMBA NZIMA IJUE

Sasa nifike kwenye neno ambalo baadhi ya wanaume hawatalipenda.

Ni nani anayeamka saa kumi na moja alfajiri katika nyumba yako? Ni nani anayekiosha kiwele kwa maji ya moto, akakifuta kwa kitambaa safi, akayatazama maziwa ya kwanza katika kikombe ili aone kama yana mabonge? Ni nani ajuaye kwamba ng'ombe fulani amepunguza maziwa tangu juzi? Mara nyingi ni bibi yako. Na fedha za mwisho wa mwezi zinakuja kwa simu ya nani? Na mtamba anapoondoka kwa kamba, ni nani aliyeulizwa?

Mimi sikumwuliza bibi yangu siku nilipomwuza Pasaka. Lau ningalimwuliza, angalinionyesha kondoo watano waliozeeka ambao mimi sikuwa nimewahesabu. Alikuwa anawajua mmoja mmoja, kwa meno yao.

Kwa hiyo kila nyumba iwe na daftari moja, likae mahali ambapo mama na watoto wakubwa wanaweza kuliandika: tarehe ya kupandishwa, tarehe ya kuzaa, maziwa ya kila siku, dawa na siku iliyotolewa, mnyama aliyeuzwa na bei yake. Wazee wamesema, mali bila daftari huisha bila habari. Ng'ombe akitibiwa, soma chupa, uandike ni siku ngapi maziwa yake yasiuzwe, na uzitii.

Na mtoto ukimpa mwana-kondoo amlee, mwana-kondoo huyo ni wake. Ukihitaji kumwuza, mwite mtoto mwambie: huyu atalipa vitabu vyako, na wa kwanza atakayezaliwa mwaka ujao atakuwa wako tena. Mtoto ambaye kondoo wake ameuzwa akiwa shuleni bila kuambiwa hujifunza jambo moja tu, kwamba kazi ya mifugo haina malipo. Kisha twashangaa vijana wanapoikimbia ardhi.

JIBU KWA WANAONIPINGA

Wako watakaosema kondoo sita hawawezi kulipa karo. Ni kweli. Majike sita yakikupa wana-kondoo watano walio hai, ukabakiza jike mmoja wa kushika nafasi ya mzee, utauza wanne na yule mzee. Hiyo si karo yote. Lakini hujaacha maziwa. Kila siku weka kando lita mbili tu za maziwa unayopeleka ushirikani, fedha yake iende moja kwa moja katika akiba ya shule. Kwa siku 300 hizo ni lita 600. Hutasikia upungufu wake, lakini Januari utausikia uzito wake. Haba na haba hujaza kibaba.

Wako watakaosema shida haina ratiba. Ugonjwa na msiba havingoji Desemba. Hilo nalo ni kweli, na simlaumu mtu aliyeuza mnyama ili amwokoe mtu. Hata hivyo uwe na utaratibu wa kuuza. Kwanza kondoo wahasi. Pili kondoo wazee waliopoteza meno. Tatu ndama dume. Nne ng'ombe mzee, au yule apataye ugonjwa wa kiwele mara kwa mara, au asiyeshika mimba. Mtamba bora awe wa mwisho kabisa, baada ya kukaa na nyumba yako na kukubaliana. Uandike utaratibu huu ukurasa wa kwanza wa daftari, leo, ukiwa na utulivu. Siku ya shida akili hukimbia, na karatasi hubaki.

Pasaka alizaa mara sita kwa jirani yangu. Mwaka wa tano nilikwenda kwake, kofia mkononi, nikanunua binti yake mmoja kwa bei ambayo sitaiandika hapa. Leo mjukuu wa binti huyo ndiye anayejaza ndoo yangu, na hakuna kamba itakayomtoa zizini Januari hii wala ijayo. Kijana wangu amekwisha maliza shule, naye ana ekari zake na kondoo wake. Juzi alikuja kuniuliza amwuze mtamba apate fedha za bati. Nikampa daftari, nikamwambia asome.

Ndugu Mkulima, miezi iliyobaki kabla ya Januari si mingi. Jioni hii, kabla ya kukamua, ingia zizini na bibi yako. Watazameni wanyama wote mmoja mmoja. Kisha mseme kwa sauti, huyu haondoki. Mkimaliza, wahesabuni kondoo.